Miguu ya Dada na Vyumba Vinne vya Moyo

Moyo wa kwanza kuuona kwa ndani ulikuwa wa ng'ombe, kwenye gogo la kukatia nyama katika bucha moja pale Kasulu nilikokuwa nafanya kazi, Jumamosi asubuhi, wateja wakiwa wamepanga mstari hadi nje. Nilitaka kujua kwa nini dada yangu hawezi kulala chali. Alikuwa ameolewa Busunzu, upande wa Kibondo, ana watoto watatu na umri wake haujafika thelathini. Kila alipojilaza alisema anajisikia kama mtu amemfunika uso kwa blanketi lililolowa. Basi alilala ameketi, mgongo ukiegemea gunia la mahindi. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki palepale kama kwenye unga uliokandwa, nawe unabaki unalitazama.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja nilipanda lori la mihogo kwenda kuona linakopeleka mihogo, na sikurudi darasani tena. Nikachemsha chumvi Uvinza, nikawa utingo, nikachimba misingi ya nyumba za walimu, na kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka. Mtu pekee ambaye sikuwahi kumchoka ni dada. Mama yetu alipofariki nilikuwa mdogo mno hata sikumbuki sura yake. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni akienda kisimani, na ndiye aliyenipiga nilipostahili kupigwa.

Mganga wa hospitali alikuja kununua nyama kila Jumamosi. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sisi tulimwita daktari, ingawa mwenyewe alikataa na kusema yeye ni mganga msaidizi tu. Dada alikuwa amefikishwa kwake wiki ile, akapewa kitanda. Siku hiyo nilimbana.

"Daktari, dada yangu ana nini hasa?"

"Moyo."

"Moyo umefanya nini?"

"Umechoka."

"Unachokaje, na mwenyewe bado kijana?"

Mama mmoja kwenye mstari akagonga kikapu chake. "We kijana, kata nyama! Moyo wa dada yako utauliza jioni."

"Jioni daktari anakuwa na wagonjwa, mama."

"Na mimi nina watoto."

Tajiri wangu, mwenye bucha, alikuwa kwenye mizani. Aliguna tu. Lakini mganga, sijui ni kitu gani kilimpata, alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akaomba kisu changu kidogo. Akauchukua moyo wa ng'ombe uliokuwa umening'inia kwenye ndoano, akauweka kwenye gogo, akaupasua kwa utaratibu, bila kuukatakata kama tulivyozoea sisi.

Nilikuwa nimekata mioyo mingi kabla ya hapo, na nilikuwa sijauona hata mmoja. Niliiona kama nyama ngumu ya kuchoma. Kumbe ndani ni nyumba. Kuna vyumba viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati usio na mlango, kwa hiyo damu ya kulia haichanganyiki na ya kushoto. Upande wa kulia unapokea damu iliyotumika na kuisukuma kwenye mapafu, hapohapo kifuani, safari ya jirani, na ndiyo maana ukuta wake ni mwembamba. Upande wa kushoto unaipokea kutoka kwenye mapafu ikiwa imepata hewa, na kuisukuma mwili mzima, hadi utosini na kwenye kucha za miguu. Ukuta wake ulikuwa mnene kuliko kidole changu gumba. Niliugusa. Ulikuwa mgumu kama mkono wa mtu anayelima.

"Sasa tazama hapa," alisema mganga.

Kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto, palikuwa na ngozi mbili nyembamba, nyeupe, laini kama utando wa ndani ya yai. Alisema hiyo ni vali, yaani mlango. Kwenye kingo zake zilifungwa nyuzi nyingi, na nyuzi zile zilishuka hadi kwenye vinundu vya nyama vilivyoota ukutani.

"Nyuzi za nini?"

"Umeona mwavuli unavyopinduka kwa upepo? Nyuzi hizi ndizo zinazozuia mlango usipinduke moyo unapominya. Lete maji."

Nilileta kopo. Akamimina maji kwenye chumba cha chini, akabana mpasuo, akauminya moyo kwa mikono miwili. Zile ngozi mbili zikafura, zikakutana, zikafunga kabisa. Maji yakatoka kwa juu kwenye mshipa mkuu, ambako ndiko yanakotakiwa kwenda, yakamrukia yule mama mwenye kikapu. Akapiga kelele. Watu wakacheka. Mganga akachukua kisu, akakata nyuzi mbili tu, akamimina maji tena, akaminya. Safari hii maji mengi yalirudi nyuma, yakajaa chumba cha juu na kumwagika juu ya gogo.

"Kwa dada yako nyuzi hazikukatika. Vali yenyewe imekakamaa na kukunjamana. Lakini kinachotokea ni hiki hiki. Kila pigo, nusu ya kazi inapotea. Damu inarundikana kwenye mapafu, mapafu yanalowa. Ndiyo maana akilala anakosa pumzi."

Akaniuliza kama dada aliwahi, utotoni, kuumwa koo na kisha magoti kuvimba, leo hili kesho lile. Nilikumbuka vizuri. Ulikuwa mwaka aliokosa palizi, na bibi alimkanda kwa mafuta ya mawese, na watu wakasema anakua haraka mno.

"Basi ugonjwa ulianza pale. Mwili ulipigana na wadudu wa koo, halafu ukakosea ukaushambulia moyo wenyewe."

"Ukakosea kwa nini?"

"Hatujui."

"Kwa hiyo bibi angempeleka hospitali siku ile…"

"Sindano tu zingetosha," alisema, na akashusha mikono ya shati lake.

Nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani, koo, bibi, au huyu mtu mpole aliyeniambia jambo hilo huku anavaa saa yake. Tajiri wangu akauliza, "Moyo huo nani anaununua? Umeshakuwa darasa." Akaufunga kwenye gazeti akanipa. "Utakula wewe. Na ukitafuna usiulize maswali."

Dada alikaa hospitali siku kumi na mbili. Alipewa vidonge viwili vya kila siku, kimoja cha kuupa moyo nguvu, kingine cha kukojosha. Na sharti moja, asile chumvi. Nilitaka kujua chumvi inaingiaje kwenye habari ya mlango mbovu, na mganga alinieleza tukiwa kwenye veranda ya wodi. Kwa kuwa moyo unasukuma kidogo, figo zinapata damu kidogo. Figo haziwezi kujua kuwa kuna vali inayovuja. Zinadhani mtu amepungukiwa maji, kama aliyepotea porini, basi zinaikamata kila chembe ya chumvi zisiiachie itoke na mkojo. Na chumvi ikibaki mwilini, maji yanabaki nayo. Ndiyo yanayojaa miguuni.

Maelezo yale yaliniudhi na kunifurahisha kwa pamoja. Figo zinafanya kazi yao kwa bidii kabisa, na bidii yenyewe ndiyo inayomuumiza mtu. Nilimweleza dada. Alisikiliza akiwa anasuka ukili, akasema, "Kwa hiyo nisile chumvi."

"Ndiyo, lakini umeelewa kwa nini?"

"Nimeelewa nisile chumvi, mdogo wangu. Inatosha."

Alipanda lori la Kibondo miguu ikiwa myembamba, viatu vinamwenea. Niliona kazi imekwisha. Nikaanza hata kuwaza kwenda Ujiji kuona wanavyounda mitumbwi.

Baada ya wiki sita dereva wa lori alisimama mbele ya bucha akaniita kwa honi. "Dada yako amejaa tena. Shemeji yako amesema uje, na uje na akili zako za moyo."

Nilikwenda kesho yake. Lori lilipita Makere, likaingia msitu wa mbung'o, tukafika Busunzu mchana. Hawakuwa wakikaa tena kule bondeni nilikokuzoea. Mwaka uliopita watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, mlango wa huyu unatazama mlango wa yule. Mtu akikohoa upande huu, upande wa pili wanampa pole. Na miti iliyokuwa karibu ilikuwa imekwishakatwa kujengea nyumba hizo hizo, kwa hiyo kuni zilifuatwa mbali, mwendo wa saa nzima.

Dada alikuwa ameketi mlangoni. Alisema nusu ya salamu, akapumzika, akamaliza nusu nyingine. Nilibonyeza mguu wake. Nilijua ninachokwenda kukiona, na bado nilipokiona nilitaka kupiga kitu ngumi.

"Mnampa chumvi," nilimwambia shemeji.

Shemeji yangu alikuwa mtu wa utani, mwembamba, hana haraka hata nyumba ikiungua. "Daktari wa maini amefika," alisema. "Karibu. Hajala chumvi hata punje."

"Haiwezekani."

"Mwulize mama."

Mama yake, mama mkwe wa dada, aliishi nao na ndiye aliyepika tangu dada aanze kuugua. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, nasi tulizungumza naye Kiha. Aliingia ndani, akatoka na kopo la chumvi, akalipindua mbele yangu. Hakikuanguka kitu ila buibui mmoja aliyekimbia. "Tangu mtuletee sheria hiyo," alisema, "nyumba nzima tunakula kama wafungwa. Watoto wangu wanalia. Mimi nimekubali kwa sababu yake. Sasa unakuja kunikagua?"

Nikaomba msamaha, nusu nusu. Nikahesabu vidonge, vikawa sawasawa na siku zilizopita. Nikamwuliza dada kama anakula kwa jirani. Akanionyesha miguu yake, niseme inamfikisha kwa jirani gani. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, vyumba, vali, mapafu, figo, na hesabu ilikuwa haitoki. Hicho ndicho kilichonitesa. Kutojua nimezoea. Kujua halafu mambo yasiende ndiko nisikoweza kuvumilia.

Siku mbili nilikaa jikoni. Mwanamume mzima kukaa jikoni kwa mama mkwe wa dada yake si jambo la kawaida, na shemeji hakuniacha. "Mama, kumbe umepata mkwe mwingine. Mfunze na kutwanga." Lakini nilikaa. Nikamwona yule mama akiinjika maharage, na yalipoanza kuchemka akafungua kitambaa, akatoa bonge la magadi kubwa kama yai la kuku, akalitumbukiza.

Nyumba zote za kwetu hutia magadi kwenye maharage. Yanalainisha, yanapunguza kuni. Lakini kwa kawaida ni kipande kidogo kama gololi.

"Mbona mengi, mama?"

"Chumvi si mmeikataza? Maharage yasiyo na chumvi na yasiyo na magadi atayameza nani? Nimemwongezea yawe laini, yateleze. Mgonjwa anahitaji kula." Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyepata njia.

Nilichota mchuzi kwa kijiko nikauonja. Ulikuwa na ukali fulani ulioshika pembeni mwa ulimi. Haukuwa wa chumvi, na bado ulinikumbusha ukoko uliokuwa ukibaki kwenye masufuria ya Uvinza. Nilijua nimeshika kitu, ila sikuwa na elimu ya kukitaja.

Nilikimbilia zahanati ya kijiji. Mhudumu alikuwa anafagia. Nikamwuliza kama magadi na chumvi ni ndugu.

"Chumvi ni chumvi," alisema. "Magadi ni magadi."

"Lakini ndani yake kuna nini?"

"Ndani ya magadi? Magadi."

"Huna kitabu kinachoeleza?"

Aliacha kufagia. "Wewe umesoma hadi darasa la ngapi?"

Nikaondoka. Siku iliyofuata hapakuwa na lori. Iliyofuata tena lilipita moja limejaa, nikaning'inia nyuma hadi Kasulu. Mganga nilimkuta anavaa koti lake jeupe. Nikamweleza bonge la ukubwa wa yai. Akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Kitu kinachovuta maji ndani ya chumvi kimo pia ndani ya magadi. Tena kwa wingi. Miaka yote niliyokaa hapa namwambia kila mgonjwa wa moyo aache chumvi, na sijamwuliza hata mmoja kuhusu magadi. Kwetu maharage tunapika kwa nazi."

"Wamerudi wangapi wamevimba?"

Alivuta daftari la wagonjwa, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa.

Nilirudi na lori la mchana. Njia nzima nilikuwa nawaza maneno ya kusema, na nilipofika nilifanya kosa ambalo mtoto wa Kiha hafanyi. Niliruka chini kabla lori halijasimama vizuri, nikapita katikati ya mistari miwili ya nyumba, watu wamekaa milangoni, sikuchuchumaa, sikupiga makofi, sikumwambia mtu mwakeye, salamu yetu, wala habari za nyumbani. Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage mbele ya nyumba. Nilipaza sauti tangu barabarani.

"Mama, hayo magadi! Magadi yako ndiyo yanamuua dada yangu!"

Ungo ukabaki hewani mikononi mwake. Kisha mtu wa nyumba ya tatu akauliza, "Amesema nini? Amesema anamuua?"

Kufikia jua kuzama habari ilikuwa imeenea. Hakuna aliyeitaja vali wala figo. Walichukua neno moja tu, kwamba mama mkwe anamtilia mkwewe kitu kwenye chungu, na kwamba ndugu wa mgonjwa ametoka Kasulu na ushahidi.

Dada aliniita ndani. Sijawahi kumwona amekasirika vile, na kila maneno machache alilazimika kusimama kuvuta pumzi, jambo lililofanya hasira yenyewe iwe ndefu.

"Mama huyu amenipokea watoto wote watatu kwa mikono yake. Leo wanasema ananilisha sumu."

"Sijasema sumu. Nimesema magadi."

"Umesema yananiua."

"Ndiyo, kwa sababu yana kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi, na figo zako…"

"Nyamaza na figo zako."

Kesho yake mchana alifanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Alichukua bakuli la maharage ya chungu cha nyumba nzima, yaliyotiwa magadi, akaketi kizingitini akitazama barabara, akala mbele ya kijiji hadi akalamba bakuli. Mama jirani alipopita, dada alimwambia kwa sauti, "Mama amepika vizuri leo." Siku ya pili akafanya hivyohivyo. Nilimpinga, nikapiga kelele, nikatishia kumwaga chungu. Nikasema nitampikia mimi pembeni, chungu chake mwenyewe, maji na maharage tu.

Shemeji alinivuta nyuma ya nyumba. Utani ulikuwa umemwisha. "Mgonjwa akipikiwa chungu chake peke yake, kila anayepita anajua tunamshuku nani. Huko kote ulikozurura hujaona hilo?"

"Kwa hiyo afe kwa adabu?"

"Mimi nimesema afe? Ni mke wangu. Tafuta njia. Wewe si ndiye mwenye akili?"

Siku ya tatu dada hakuweza kumaliza bakuli. Vidole vya mikono navyo vilikuwa vimeanza kufura, na alipokuwa amekaa kimya nilisikia kifua chake kikichemka kama sufuria lenye maji kidogo. Nilijua kinachotokea humo ndani, hatua kwa hatua, chumba kwa chumba, na ujuzi ule haukunifaa hata kwa kumwinua mtu.

Nilimwendea mama mkwe shambani. Safari hii nilichuchumaa mbali, nikapiga makofi polepole, nikasalimu salamu zote tangu za asubuhi, za watoto, za mahindi, hadi akachoka kunyamaza akaitikia. Nikaomba radhi, nzima, si nusu. Kisha nikaanza kumweleza moyo. Nilichora vyumba vinne kwenye vumbi kwa kijiti. Nikaeleza mlango, nyuzi, mwavuli, mapafu. Aliangalia michoro ile kama anayeangalia nyayo za kuku.

"Umutima, huo moyo wako, siujui," alisema. "Hujauona wa dada yako, hata wewe. Sema la magadi."

"Yanafanya maji yasitoke mwilini."

"Nani amekuambia?"

"Mganga."

"Yule aliyesema chumvi tu?"

Nilikaa vumbini nikitamani kulia kama mtoto. Yeye akaendelea kupalilia, mstari mzima, akafika mwisho, akageuka. Akasimama na jembe.

"Mtungi wa maji," alisema.

"Mtungi umefanya nini, mama?"

"Zamani mtungi ule ulitufikisha jioni. Tangu niongeze magadi, mchana umekwisha. Nilikuwa nawagombeza watoto kwamba wanauchezea. Na mimi mwenyewe, nikimaliza kula nakunywa vikombe viwili." Akatazama mikono yake. "Wote tunakunywa. Sisi yanatoka. Yeye hayatoki."

Nilitaka kumwambia kwamba hayo ndiyo niliyokuwa nayasema tangu mwanzo. Nilifanikiwa, kwa shida kubwa, kufunga mdomo.

Alirudi nyumbani mbele yangu. Akasimama mbele ya nyumba, katikati ya mistari ile miwili ya milango, akafungua kile kitambaa, akayamwaga magadi yote barabarani. Akatangaza kwa sauti iliyofika nyumba ya mwisho kwamba kuanzia leo nyumba yake haili chumvi wala magadi, mkubwa na mdogo, mzima na mgonjwa, chungu kimoja, na mwenye swali aje amwulize yeye.

"Mama," alisema shemeji, "mimi nimekosa nini?"

"Umeoa." Kisha akanigeukia. "Maharage bila magadi yanakula kuni kama moto wa kichaka. Utaleta wewe."

Nilileta. Kila siku, saa nzima kwenda, saa nzima na nusu kurudi na mzigo kichwani. Maharage yalilowekwa tangu jana yake na bado yaliwekwa motoni asubuhi yakaiva mchana umepinduka, watoto wakizunguka chungu wakinung'unika, yule mama akibonyeza punje moja kwa vidole na kusema bado, nami nikizifuata kuni nyingine. Sijawahi kuichukia kazi kama ile. Nilikwishaielewa tangu siku ya kwanza, hapakuwa na kipya cha kujua ndani yake, na sikuweza kuondoka. Wiki ya pili dada alianza kukojoa sana. Wiki ya nne alitembea hadi nyumba ya tatu, kwa yule aliyeuliza amesema nini, akakaa kwake nusu siku akipiga soga.

Mwezi wa pili nilimpeleka Kasulu kupimwa. Mganga aliweka kipimo chake cha kusikilizia mgongoni mwa dada, akatabasamu. "Mapafu makavu." Kisha, kwa sababu ananijua, akanivika kile kipimo masikioni na kuweka kisahani chake upande wa kushoto wa kifua cha dada. Nilitegemea kusikia mapigo mawili, duu na ta, kama alivyonieleza, milango ya ndani ikifunga, kisha ile ya kutokea kwenye mshipa mkuu. Nilisikia la pili vizuri. Mahali pa la kwanza palikuwa na mvumo mrefu, kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

"Bado inavuja," nilisema.

"Itavuja siku zote."

"Pamoja na yote tuliyofanya?"

"Mlichofanya ni kuupunguzia moyo mzigo. Mlango ni uleule."

"Hakuna wanaoweza kuushona?"

"Nasikia wapo, nchi za mbali. Mimi sijawahi kuona hata wakijaribu."

"Lakini kama kushona kunawezekana, kwa nini…"

"Mdogo wangu," dada alinikatiza. Alikuwa amekwishafunga vifungo vya gauni lake na kusimama, kikapu mkononi. "Lori la Kibondo linaondoka saa ngapi?"

"Saa sita. Dada, ngoja kwanza, nimwulize jambo moja."

"Kuni tulizoacha nyumbani ni za kesho tu," alisema, akatoka.

Mganga alishafungua mlango kumwita mgonjwa mwingine. Nilikuwa na maswali kama tisa. Nilisimama pale nikichagua la kuanza nalo, na nje dereva akaanza kupiga honi.